Kigoda cha Kulishia

Hospitalini wanamwita Mama Kigoda, na yeye anajua. Jina hilo walimpa wauguzi, ambao kwa kubandika watu majina hawana mpinzani, na sababu iko wazi kwa kila mwenye macho. Daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, mwanamke wa makamo, koti jeupe limepigwa pasi likanyooka, anapita wodi moja hadi nyingine na kigoda cha mbao kwapani. Kigoda cha jikoni kabisa, kile cha kukalia mtu anapochambua mchele. Akifika kwa mgonjwa anakitua sakafuni, anakaa, magoti yanamfika kifuani, ndipo anaanza kuuliza habari za tangu jana. Madaktari wenzake wamesimama wima, yeye yuko huko chini anaongea na mtu uso kwa uso. Wageni wakimwona mara ya kwanza hudhani ni ndugu wa mgonjwa amekuja kumjulia hali.

Watu wamekisia weee mpaka wamechoka. Wapo wanaosema anaumwa mgongo. Wapo wanaosema ni maringo ya kinyumenyume, mtu anajishusha ili asifiwe. Fundi wa chumba cha eksirei aliwahi kuapa kwamba ile ni nadhiri, na kwamba siku ikitimia tutaona kigoda kinachomwa moto. Mwenyewe akiulizwa hucheka, husema miguu yake ni mizee kuliko yeye, mambo yakaishia hapo. Ukweli wa kigoda kile ulifichwa miaka, na ungeendelea kufichwa kama si kitabu.

Kitabu chenyewe ni kidogo, mwongozo wa mfukoni wa kumtunza mgonjwa wa kiharusi, kwa ajili ya madaktari wachanga na wauguzi wa zahanati zile ambako bingwa hayupo wala hatakuja. Aliuandika pamoja na Profesa, aliyekuwa mwalimu wake. Sasa Profesa huyu ni mtu wa kumwelewa taratibu. Mzee mrefu, mkavu, sauti ya chini, anatembea na kipande cha boksi alichokikata sawasawa na mfuko wa koti la daktari. Kila walipoongeza kurasa aliweka kile kipande juu ya meza na kusema kwamba kitabu kisichoingia mfukoni kitabaki kabatini, na kitabu cha kabatini hakimponyi mtu. Sentensi isiyomwambia msomaji afanye nini, aliipiga kalamu nyekundu bila simile. Alikuwa mgumu, lakini mgumu wa kupendeka. Siku Mama Kigoda alipofaulu mtihani wake wa ubingwa, mzee alimwita ofisini, akafungua droo, akampa nyundo yake mwenyewe ya mpira ya kugongea magoti, kisha akamfukuza eti ana kazi. Nyundo hiyo anayo mpaka leo, na mtu akiiazima bila kurudisha, siku hiyo hakukaliki.

Basi hawa wawili waliopendana hivyo waligombana karibu mwaka mzima kwa ajili ya sura ya tisa.

Sura ya tisa ilikuwa fupi na iliitwa "Kulisha". Profesa akiifuta, Mama Kigoda anairudisha. Akiirudisha, Profesa anaifuta tena, mara hii kwa mistari miwili. Hoja za mzee hazikuwa za kipuuzi. Namna ya kupima kama mgonjwa anaweza kumeza ilikuwa tayari katika sura ya nne, iliyoandikwa vizuri. Habari za kijiko na bakuli, alisema, ni kazi ya ndugu nyumbani, si ya udaktari. Tena sura nyingine zote zilikuwa na tafiti nyuma yake, hii haikuwa na kitu. Na kipande cha boksi hakidanganyi, kitabu kilikuwa kimezidi mfuko, kwa hiyo lazima kitu kitoke. Mama Kigoda alikaza kamba, akasema itoke sura yoyote ila hiyo, lakini alipoulizwa kwa nini, alianza kukohoa kohoa na kupanga karatasi zilizokwisha pangwa.

Hapo ndipo mhariri alipoingia. Alikuwa binti wa shirika la uchapishaji, mwenye adabu nyingi na haraka nyingi zaidi, na alipiga simu kuomba wasifu wa waandishi kwa ajili ya ukurasa wa mwisho. Alitaka kujua kila mmoja alisoma wapi, alifanya kazi wapi na tangu lini. Alieleza kwamba msomaji ana haki ya kujua ni nani anayemwambia ashike mwili wa mtu. Wasifu wa Profesa ulifika siku hiyo hiyo, shahada zimepangwa kama vyombo vya harusi kwenye kabati la vioo, na ukurasa ulikuwa haumtoshi. Wa Mama Kigoda ulikuja na shimo katikati. Kulikuwa na chuo, kulikuwa na wodi, kisha miaka kadhaa hakuna kitu, halafu wodi tena. Mhariri akauliza kwa upole sana kama kuna mstari umesahaulika.

Hakuna mstari uliosahaulika. Pale hospitalini kila mtu aliamini kwamba miaka ile Mama Kigoda alikuwa masomoni nje. Uongo huo hakuutunga yeye. Aliutunga mganga mkuu wa wakati huo, mtu mwema, aliyempa likizo isiyo na mshahara na kuwajibu wanaouliza vitu vya kuwanyamazisha. Uongo ukaota miguu, ukatembea, na mwenyewe akauacha utembee, kwa sababu alikuwa amekula kiapo.

Kiapo hicho alimwapia mama yake. Mama huyu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na ukitaka kumjua inatosha kujua kwamba akisema "wewe" akiwa mlangoni mwa ofisi, mtoto anayekimbia mwisho wa uwanja anasimama mguu mmoja ukiwa hewani. Mji mzima umepita mikononi mwake. Karani wa benki, dereva wa gari la wagonjwa, hata yule mganga mkuu mwema, wote walishawahi kusimamishwa hivyo. Kisha asubuhi moja kiharusi kikamwangusha bafuni, kikachukua upande wa kulia na sauti yote. Binti yake, bingwa wa ugonjwa huohuo, alimtibu katika hospitali ya mbali, akamtoa huko, akamhamishia kwake na kuchukua ile likizo. Miezi ikapita mama akiwa kimya. Siku maneno yalipoanza kurudi, ya kwanza hayakuwa kuomba maji wala kuuliza wajukuu. Alisema, kwa taabu, "Watu... wasijue." Mwalimu mkuu hakutaka mji usikie kwamba analishwa kwa kijiko. Wenye hekima walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani angemwambia hivyo mama yule? Binti aliapa, na majirani wakaambiwa mama amekuja kupumzika.

Sasa nisikilizeni, maana kiini cha mambo ni hapa. Mama alikuwa akipaliwa. Binti alifanya kila kitu kama alivyofundishwa na kama alivyowafundisha wengine. Mama aliketishwa wima, mito mgongoni, uji mzito, kijiko kidogo, hakuna haraka. Na bado uji ulipita njia isiyo yake. Mama alikohoa kidogo, tena kikohozi kinyonge, kwa sababu koo lenyewe lilikuwa limelegea. Homa ya mapafu ikaja, wakaishinda. Ikarudi, na mara ya pili alikaribia kuondoka kabisa, binti amekaa na kidole kwenye mshipa wa mkono wa mama yake, amesahau yote aliyosoma. Alilaumu uji, akalaumu kijiko, akalilaumu koo. Alikwisha anza kuzoea wazo la mpira wa kulishia puani, jambo ambalo mama, kwa ishara za mkono wake mzima, alikataa katakata.

Kosa lilikuwa lake, na lilikuwa kosa la kidaktari hasa. Mtu mwingine yeyote angevuta kitu akakaa. Daktari wodini hakai. Anasimama kando ya kitanda, anaongea kuelekea chini, anakwenda kitanda kinachofuata, na akifanya hivyo miaka mingi miguu haikumbuki tena kitu kingine. Basi Mama Kigoda, kabla hajawa Mama Kigoda, alimlisha mama yake amesimama. Na mama, kama angefanya mtu yeyote, aliinua kidevu amtazame mwanawe na kuufuata mkono unaotoka juu. Kidevu kikipanda, njia ya hewa inabaki wazi, na kwa koo lililolegea hiyo ni hatari tupu.

Aligundua siku ya kufua. Alikuwa ameleta beseni chumbani ili asimwache mama peke yake, amekaa juu ya kigoda cha jikoni, povu mpaka kwenye viwiko. Mama akapigapiga godoro, maana yake njaa. Binti alikuwa amechoka kiasi kwamba kusimama aliona safari ndefu. Akajifuta mikono, akavuta bakuli, akamlisha kutoka hukohuko chini. Mama ikabidi ainame kumtazama. Kijiko cha kwanza kikashuka. Cha pili. Bakuli likaisha na hakuna aliyekohoa. Binti akainuka, akajaribu tena kwa kusimama, kijiko kimoja tu, mama akapaliwa papo hapo na kumtolea macho ya kiualimu. Akarudi kwenye kigoda, na hapo akalia kwa sauti, kwa furaha na kwa aibu, bakuli tupu mapajani, mpaka mama akanyoosha mkono kumpangusa.

Tangu siku ile uji haukupita njia mbaya tena. Mama alipata nguvu, akajifunza kusimama, akajifunza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto, na siku hizi anatembea kwa fimbo na kusema polepole, neno baada ya neno, na kila neno analolitoa analimaanisha. Binti alirudi kazini na kigoda kwapani. Lakini sababu hakumwambia mtu.

Turudi kwa Profesa. Alimwita ofisini, akaweka kipande cha boksi juu ya sura ya tisa, akavua miwani. Hakuwa na hasira. Alisema amemfundisha asiandike jambo ambalo hawezi kusema amelitoa wapi, na kwamba hatalegeza hapo hata kwa mwanafunzi wake bora.

"Nitajie ulikoitoa," alisema. "Ukinitajia, inabaki. Usiponitajia inatoka, na tusinuniane."

Mama Kigoda alikusanya karatasi zake. Akatoka na nyundo yake mfukoni na moyo mzito.

Nyumbani alimweleza mama yote, bila kuzungukazunguka. Alimwambia kwamba sura itakufa asipoeleza ilikotoka, na kwamba hatalitoa neno bila idhini yake. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hapana, akanyoosha fimbo na kuongeza sauti ya redio. Binti hakubishana. Mama ni mama, na kiapo ni kiapo. Alikwenda chumbani kumwandikia mhariri kwamba sura ya tisa itolewe na kwamba lile shimo kwenye wasifu liachwe lilivyo, na kila alipofika kwenye kutia sahihi alijikuta anakwenda kuosha kikombe kilicho safi.

Hali hiyo ilidumu siku kadhaa, mpaka jioni moja mama alipozima redio mwenyewe.

"Hiyo sura," alisema, "inasema nini?"

Binti akamsomea. Haikuwa ndefu. Ilianza kwa neno moja, "Kaa." Ikaendelea kusema tafuta kitu kifupi, hata ndoo iliyopinduliwa, macho yako yawe chini ya macho yake, usimlishe mtu ukiwa umesimama hata kama una haraka, na kama una haraka mpe kijiko mwingine. Mama alisikiliza huku amefumba macho, kama alivyokuwa akisikiliza watoto wakisoma.

"Wangapi wanasimama?"

"Wote, Mama. Wote tunasimama. Wauguzi, madaktari, hata ndugu wakija wodini wanatuiga sisi."

Mama akafumbua macho. Kisha akasema, "Mlete huyo mzee."

Profesa alikuja na tai shingoni na mfuko wa machungwa, akidhani amealikwa chai. Hakujua kuna mgonjwa, wala hakujua anakwenda kukutana na mwalimu mkuu. Alipoona mkono wa kulia uliokunjika na fimbo ukutani, macho yake ya kidaktari yalielewa mara moja, na uso ukabadilika. Alitaka kusema jambo. Mama akamwelekeza kiti kilichopangwa mito, akasema "Kaa," na Profesa, ambaye wakuu wa vyuo humwogopa, akakaa.

Somo liliendeshwa na mama. Binti akaamriwa asimame na bakuli la uji. Profesa akaambiwa aegemee, alegeze shingo kama mgonjwa, asijisaidie. Kijiko kikaja kutoka juu. Mzee akainua kidevu kukipokea, akameza, na uji ukakwama pabaya, akakohoa mpaka machozi yakamtoka na tai ikaharibika. Binti alitaka kumkimbilia, mama akamzuia kwa jicho.

"Wewe unakohoa," mama alimwambia Profesa. "Mimi nilikuwa siwezi."

Kisha binti akavuta kigoda, akakaa, akamlisha kutoka chini. Mzee akainamisha kichwa, akameza. Akaomba kijiko kingine. Akaomba na cha tatu, na hapo Mama Kigoda aliona kwamba mwalimu wake hachunguzi tena. Alikuwa anatazama kijiko tu.

"Mke wangu," alisema.

Kila aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Profesa alijua kwamba mkewe alifariki kwa kiharusi, na kwamba miezi ile ya mwisho mzee hakukubali muuguzi amguse. Alikuwa akitoka kazini anakwenda moja kwa moja jikoni, koti bado mwilini, anampikia na kumlisha kwa mkono wake. Kilichomchukua hatimaye kilikuwa homa ya mapafu. Watu walisema ni mapenzi gani yale, na kweli yalikuwa mapenzi.

"Nilikuwa nimesimama," akasema Profesa. "Kila siku. Kila siku nilimlisha nimesimama."

Sasa hapo ungemwambia nini? Mama Kigoda alitafuta uongo mdogo wa kumfariji, akauona, akauacha, kwa sababu huyu ndiye aliyemfundisha kutomdanganya mgonjwa. Alimwambia kwamba huenda ilikuwa hivyo, huenda haikuwa hivyo, na kwamba hakuna mtu atakayejua tena. Akamwambia kwamba hata yeye alisimama, na karibu ampoteze mama yake kwa kusimama. Akaliweka bakuli chini.

Ni mama aliyeinuka. Alichukua fimbo, akavuka chumba kwa mwendo wake wa taratibu, akaweka mkono wake mzima juu ya kichwa cha mzee.

"Hukujua, mwanangu," alisema, na walikuwa wa rika moja.

Profesa alilia kimya kimya chini ya mkono ule, bila kujificha, na hakuna aliyemharakisha. Baadaye alikwenda jikoni na kuliosha bakuli mwenyewe, akaliosha muda mrefu. Alipoaga alimuuliza mama kama anaruhusu habari yake iandikwe. Mama alijibu kwamba angekuwa hataki asingempikia uji, na akamwambia aende salama.

Yaliyofuata yalikuwa ya kazi. Ili kitabu kiingie mfukoni, Profesa alikata kurasa za sura yake mwenyewe, zile za magonjwa ya nadra yenye majina marefu aliyoyapenda sana, na sura ya tisa akaipeleka mbele ikawa ya pili. Mama Kigoda alijaza lile shimo kwa mstari mmoja, na mama yake akausoma kwanza kwa kidole, akamfanya aondoe maneno "kwa kujitolea", akisema hakuna aliyeuliza. Ukabaki hivi: katika miaka hiyo alimwuguza mama yake, mwalimu mkuu mstaafu, aliyepata kiharusi na akapona.

Kisha mhariri akapiga simu, safari hii akisitasita. Alisema wasifu mpya wa Profesa umefika na anaogopa kuna kosa, kwa sababu mzee ametoa karibu shahada zote na tuzo zote, akabakiza chuo alichofundisha, na mwishoni ameongeza maneno ambayo yeye haelewi kama ni ya kuchapishwa au yameingia kwa bahati mbaya. Mama Kigoda, aliyekuwa njiani kwenda wodini, akasimama kwenye korido na kumwomba amsomee.

"'Alimlisha mkewe katika ugonjwa wake wa mwisho,'" mhariri alisoma, "'akiwa amesimama.'" Akaongeza, "Ndivyo alivyoandika. Nifute?"

"Usifute," alisema Mama Kigoda. "Si kosa. Yaache hivyohivyo."

Alikata simu, akabaki pale kidogo akijifuta macho kwa kiganja. Chakula cha mchana kilikuwa kimeshafika wodini. Mlangoni alimkuta muuguzi mpya amesimama kando ya kitanda cha mgonjwa na kijiko mkononi, akamgusa bega na kumpa kigoda.